Kishikizo Chepesi

Burgi alivipanga vishikizo vitatu juu ya kitambaa cha kijani, akafuta mikono kwenye aproni, akavuta kigoda akaketi.

"Chagua," alisema. "Ila uchague kwa akili, usichague kwa mizani."

Romed alikuwa ameshaivuta mizani. Ilikuwa mizani ndogo ya kupimia baruti, na kwa kijana yule ilisema kweli kuliko kinywa cha mtu yeyote katika bonde zima. Alikuwa mwanamume wa mabega mapana, nywele rangi ya nyasi kavu, na ulimi uliozoea kushinda. Majira ya baridi aliwafundisha wageni kuteleza kwenye theluji. Theluji ikiyeyuka aliwapandisha majabali kwa kamba. Kila alichokibeba kilikuwa kimepunguzwa. Mpini wa mswaki wake aliukata nusu. Lebo za nguo zake alizing'oa. "Mlima haukuulizi ukoo wako," alipenda kuwaambia wageni wake waliokuwa wakihema, "mlima unakuuliza umebeba nini."

Kati yake na Burgi, juu ya meza ya kazi, ililala bunduki ya baba yake, mzee Kassian. Ilikuwa imevuliwa darubini yake, na bila darubini ilionekana kama mtu aliyevuliwa kofia kanisani. Na shauri lilikuwa hilo tu: kile kidude cha katikati, kishikizo kinachoishika darubini juu ya mtutu. Viwili kati ya vile vitatu vilikuwa vipya. Kimoja kilikuwa kikuukuu, chuma cheusi kilichong'aa kwa kuguswa, chenye kucha mbili mbele na ulimi mmoja nyuma. Burgi alikuwa amekichomoa sasa hivi.

"Hiki," alisema Romed akikiweka cha zamani kwenye mizani, "ni chuma cha makumbusho."

"Ni chuma cha babu yangu." Burgi hakupandisha sauti. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi bunduki wa tatu katika ukoo wake, na nyusi zake zilikuwa zimeungua kidogo kwa cheche. "Alikuwa anakipaka masizi ya mshumaa, anakiingiza mahali pake, anakitoa, anatazama masizi yamefutika wapi. Anapiga tupa mara moja. Anarudia. Majira mazima ya baridi, kwa bunduki moja. Ndiyo maana baba yako huichomoa darubini jioni, akairudisha asubuhi kiza hakijaondoka, na risasi inakwenda palepale."

"Najua, shangazi. Nimeisikia hadithi hiyo tangu nanyonya."

"Basi ulikuwa unanyonya huku umeziba masikio."

Romed alicheka. Alimpenda Burgi, shangazi wa heshima si wa damu, hata hivyo hakuiondoa macho mizani.

Burgi akamsogezea cha pili. Nacho kilikuwa cha chuma, lakini kimechongwa chembamba, hakina nyama ya ziada. Kinatoka na kurudi kama cha babu, alisema, ila kinahitaji kusuguliwa mpaka kiikubali bunduki, na kazi hiyo haiharakishwi. Nusu ya msimu itakuwa imepita. Kisha akaokota cha tatu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota nyoya. Kilikuwa cha aluminiamu: pete mbili, msingi mmoja, na skrubu ndogo ndogo.

"Hiki ukikipuliza kinaruka. Ni kizuri, sikitukani, nawauzia watu. Lakini hakitoki. Nikishakikaza kwa ufunguo wangu, kimekazwa. Mtu akikifungua hata mara moja, ashuke bondeni akapige karatasi ya shabaha upya, maana risasi haijui tena nyumbani kwake ni wapi."

Romed alikiweka kwenye mizani. Mizani ilijikuna kidogo tu.

"Hiki," alisema.

"Unapunguza uzito wa kipande cha jibini, Romed. Baba yako anabeba jibini, nyama ya moshi, mkate mzima na chupa ya pombe ya mizizi. Mwambie aache jibini."

"Aache jibini? Ni rahisi zaidi kumwambia aache kupumua."

"Basi apumue na ile nzito. Ameizoea."

"Hapandi tena, shangazi!" Maneno yalimtoka Romed kwa moto ambao yeye mwenyewe hakuutarajia. "Goti limemwisha. Amesema msimu huu hapandi. Anakaa kwenye benchi mbele ya nyumba anatazama majabali kama mtu anayetazama treni zikipita. Na chama cha wawindaji kimempa kibali cha dume la Graukar. Wamempa yeye, kwa heshima, ili afungie kazi. Akikataa atapewa mtu wa mjini atakayelipiga kwa ajili ya picha tu."

Burgi alikiondoa kile cha aluminiamu kwenye mizani. Hakuna mwindaji katika bonde lile asiyelijua dume la Graukar, mbuzi wa majabali mzee, mweusi, mwenye ncha moja ya pembe iliyopasuka. Kassian alilijua tangu likiwa kijana na akaliacha, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kijana haguswi. Huwindwa mzee aliyekwisha kuacha uzao wake mlimani. Na katika maisha yake yote Kassian hakuwahi kumwita mbwa. Maana yake, hakuna mnyama aliyempiga ambaye alihitaji kutafutwa. Wengine walikuwa na mapembe mengi ukutani. Yeye alikuwa na hilo, na hilo halitundikwi.

"Nikiweka hiki chepesi," alisema Burgi polepole, "lazima niitoe misingi ya babu mtutuni. Aliichomelea kwa bati. Ikitoka imetoka, babu hafufuki kuja kuirudisha. Mzee amekubali?"

"Mzee atafurahi."

"Sikukuuliza kama atafurahi."

"Itoe, shangazi."

Burgi alimtazama mpaka Romed akajishughulisha na kufunga zipu ya koti lake.

"Basi mwambie hakitoki. Nitazame, kijana. Mwambie kwa mdomo, usimwambie kwa tabasamu."

"Nitamwambia."

Akakusudia kweli. Tumtendee haki: alipotoka dukani siku ile, na aliporudi kuichukua bunduki ikiwa tayari, sentensi ilikuwa ulimini mwake, imekamilika, inasubiri mahali pa kutua.

Kassian aliipokea bunduki jikoni, mbele ya sahani ya madonge ya mkate aliyokuwa hajaimaliza. Aliinyanyua kwa mkono mmoja. Uso wake ukafunguka.

"Imekonda."

"Imekonda, Baba."

"Utadhani imepelekwa kwa daktari." Aliiweka begani, akalenga dirishani, kwenye majabali. Kisha kidole gumba chake kikatambaa juu ya mtutu, kikatafuta kitu ambacho kimezoea kukutana nacho, kisikione. "Kucha ziko wapi?"

"Hiki ni kishikizo kipya, cha mlimani. Wanakitumia vijana wote."

"Mimi si kijana. Kinafanya kazi vilevile?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kutua. Romed alimwona baba yake amesimama wima, goti limesahauliwa, bunduki imemlalia kifuani kama mtoto aliyerudi. Na alimjua. Angemwambia, "Baba, hakitoki," na mzee angeirudisha bunduki kwenye ndoano zake ukutani, angesema asante kwa adabu, angerudi kwenye benchi lake. Kitu ambacho hakitoki jioni na kurudi asubuhi, kwa Kassian hakikuwa kishikizo bali pingu.

"Vilevile, Baba," alisema Romed.

Neno moja dogo. Nalo lilikuwa jepesi pia.

Walikwenda kiwanjani kupiga karatasi. Romed aliibeba bunduki mwenyewe, akaitia begini mwenyewe, akaitoa mwenyewe. Mzee alifyatua, na tundu likaingia katikati ya duara. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, na kesho yake majirani walimwona akiyapaka mafuta mabuti yake uani, akilitukana goti lake kama mtu anavyomtukana punda anayempenda.

Walipanda mwishoni mwa Oktoba, nyasi za juu zimeshakuwa nyekundu. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walimwona Romed siku ile: alikwenda mbele na shanta lake dogo la kitambaa chembamba, akijisifia gramu, na nyuma yake mzee alipanda na shanta la turubai lililoshonwa kabla Romed hajazaliwa.

"Umebeba nini humo, Baba, jiko?"

"Jibini."

"Nilikuambia uache jibini."

"Na mimi nilikuambia uoe. Nani amemsikiliza mwenzake?"

Walicheka wote wawili, na kicheko kikawapandisha kona nzima. Kila walipopumzika Kassian aliipima bunduki mkononi na kutikisa kichwa kwa mshangao. "Siisikii begani," alisema. "Kweli siisikii." Romed alivimba kwa furaha. Hakuna zawadi aliyowahi kumpa baba yake iliyopokelewa hivyo.

Kibanda kilikuwa cha magogo, chumba kimoja, jiko la kuni na vitanda viwili vya mbao. Jua lilipoanza kuinama, Romed alitoka na darubini yake ya shingoni kulitafuta dume, na akaliona: limesimama peke yake juu ya ulimi wa mawe wa Graukar, manyoya ya mgongoni yakipepea, likitazama bonde kama mwenye nyumba. Alirudi mbio kumpa mzee habari. Kassian alikuwa akikoroga unga kwenye kikaango, moshi na mvuke umejaa mpaka kwenye boriti. Bunduki ilining'inia ukutani mahali pake, penye kivuli. Romed hakuitazama. Alikuwa na habari njema mdomoni, na mwenye habari njema hatazami kuta.

Laiti angetazama. Wazee wa bonde lile wana desturi moja wasiyoiwazia, kama mtu asivyowazia kuvua viatu mlangoni. Mwindaji akiingia kibandani kutoka kwenye baridi, huichomoa darubini, huitia kwenye mfuko wake wa ngozi, na mfuko huutundika nje chini ya upenu, ili mvuke wa jiko usitie ukungu kwenye kioo. Bunduki hulala ndani, jicho lake hulala nje. Asubuhi, kabla ya kutoka, kucha huingia kwenye vitundu vyake, nyuma hushushwa, na ulimi hudaka: tak. Tangu utotoni Romed aliamshwa na sauti hiyo. Harufu ya kahawa, halafu tak, halafu mkono wa baba kwenye kisigino chake: "Twende."

Asubuhi ile aliamshwa na harufu ya kahawa peke yake.

Alifumbua macho. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, amempa mgongo, taa ndogo kichwani, na viwiko vyake vilikuwa vikisogea polepole. Mezani palikuwa na mfuko wa ngozi, mtupu, umelainika kama sikio la mbwa. Mkononi alikuwa na kile kiufunguo kidogo ambacho Burgi alikitia kwenye begi la bunduki, na alikuwa akizungusha, anapuliza vidole, anazungusha.

"Vijana na skrubu zenu," alinung'unika bila kugeuka, kwa sauti ya mtu mwenye furaha. "Kucha zilikuwa zinaingia zenyewe. Hizi zinataka kubembelezwa kama ng'ombe anayekamuliwa mara ya kwanza."

Romed alijiinua nusu, akabaki hapo, ameegemea kiwiko. Alijua. Hakuna cha kusema kwamba hakujua. Palikuwa na njia moja ya haki: kusema sasa, kushuka kwenye uwanda wa chini, kupachika karatasi kwenye kisiki na kupiga. Mlio ungezunguka majabali yote, dume lingevuka mgongo wa mlima, msimu ungekwisha, na baba angejua kwamba neno "vilevile" lilikuwa uongo. Kwa upande wa pili palikuwa na tumaini. Labda imekaa palepale. Mzee ana mikono mizuri. Labda.

"Umekaza, Baba?"

"Nimekaza. Unanifundisha kukaza? Amka, kahawa inapoa."

Romed akaamka, akainywa kahawa, na kila funda lilipita juu ya lile neno likaliacha pale lilipo.

Dume lilikuwa palepale. Upepo uliwajia usoni. Kassian alitambaa mita za mwisho kwa tumbo, goti likiburutwa, akaliweka shanta lake la turubai juu ya mwamba, akailaza bunduki juu yake. Jibini nalo lilikuwa humo, bunduki ikatulia. Romed, ubavuni mwake, aliona jinsi pumzi ya mzee ilivyopungua, ikawa uzi, ikakatika. Akataka kumshika mkono. Hakumshika.

Mlio ulikwenda na kurudi.

Mnyama aliyepigwa moyoni huruka mbele. Aliyepigwa tumboni huukunja mgongo, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa ghafla. Dume la Graukar liliukunja mgongo. Kisha likaondoka, halikimbii, linatembea, likaingia kwenye misonobari mifupi ya bonde la pili na kupotea.

Kassian aliifungua bunduki, akalitoa ganda la risasi, akalitia mfukoni.

"Nimevuta kifyatulio kwa pupa," alisema. "Nimevuta kama mtoto."

"Hukuvuta hivyo, Baba."

"Basi ni macho. Nilimwona safi, nikaweka nyuma ya bega, na risasi ikaenda tumboni. Ni macho." Aliyatazama majabali kama yamemgeuka. "Mpigie Vigil. Mwambie aje na mbwa."

Ni maneno mepesi kuyaandika. Kwa mzee yule yalikuwa sawa na kuvua kofia yake na kuiweka chini ikanyagwe. Romed alitoa simu. Alimpigia. Akamweleza Vigil mahali, saa, jinsi mnyama alivyojikunja, na hakueleza la zaidi.

Vigil, mlinzi wa wanyama wa bonde, alikuwa mtu mrefu mwenye maneno machache, na mbwa wake mwekundu Asta alikuwa na machache zaidi. Walifika ukungu umeshawatangulia. Vigil alitazama damu kwenye mawe, akainusa, akatikisa kichwa.

"Tumbo. Tukimfuata sasa tutamsukuma mpaka kwenye magenge. Tumwache alale, Mzee Kassian. Alfajiri."

"Alale," alirudia Kassian. "Unaliita kulala."

Hakuna aliyekula usiku ule. Jibini lilibaki kwenye karatasi yake.

Asubuhi Asta alitia pua kwenye damu iliyokauka na kuondoka kama anayesoma, Vigil nyuma yake ameshika kamba ndefu ya ngozi. Walilikuta chini ya msonobari mfupi. Lilikuwa hai. Lilinyanyua kichwa chenye pembe iliyopasuka, likawatazama, na halikuwa na nguvu ya kusimama. Romed alikuwa amewaona wanyama wengi wakifa. Hakuwahi kumwona mmoja akisubiri.

Ni haki na ni wajibu wa aliyepiga kumaliza. Kassian aliinyanyua bunduki nusu, akaitazama ile darubini, akaishusha.

"Maliza wewe, Vigil. Siiamini mikono yangu."

Vigil alimaliza.

Kisha ikaja desturi, kwa maana desturi haiulizi kama moyo uko tayari. Kassian alipiga magoti, lile zuri kwanza na bovu baadaye, akakata kitawi cha msonobari akakiweka mdomoni mwa mnyama, chakula chake cha mwisho. Alikaa pale mkono wake ukiwa shingoni mwa lile dume muda mrefu kuliko desturi inavyotaka. Romed, kama kiongozi wake, alivunja kitawi kingine, akakigusisha kwenye damu, akakilaza juu ya kofia yake, akamnyooshea baba.

"Heri ya mwindaji," alisema.

"Asante ya mwindaji," alijibu Kassian, kwa sababu ndivyo hujibiwa.

Mnyama akipatikana kwa mbwa, aliyepiga humega kipande cha kitawi akampa mwenye mbwa, ili kichomekwe kwenye ukanda wa shingo ya mbwa. Kilichobaki hukaa kwenye kofia ya aliyepiga. Kassian hakumega. Aliinama akakichomeka kitawi chote kwenye ukanda wa Asta, akampapasa kichwa. Kofia yake ikabaki tupu.

Vigil alitazama pembeni.

Walipoanza kushuka, Kassian aliivua bunduki begani na kumpa mwanawe. "Shika," alisema tu. Hakuwahi kumpa mtu bunduki yake aibebe, hata siku alipovunjika kifundo cha mguu. Romed aliipokea. Ilikuwa nyepesi, nyepesi mno, na kila kona ya njia alifungua mdomo, na kila kona akauona mgongo wa baba yake ukishuka mbele yake, akaufunga.

Siku chache baadaye Kassian alivaa koti lake la Jumapili na kusema anakwenda kwa Burgi. Romed alikwenda naye. Hakuweza kubaki wala hakujua anakwenda kufanya nini.

"Niuzie, Burgi," alisema Kassian, akiilaza bunduki kwenye kitambaa cha kijani. "Macho yamekwisha. Mpe mtu mwenye macho."

"Kaka Kassian, macho yako yanaona inzi kwenye mnara wa kanisa."

"Yanaona inzi, hayaoni mbuzi. Umesikia habari. Bonde zima limesikia."

Burgi hakubisha. Aliivuta bunduki karibu, kwa mazoea tu, kama daktari anavyomshika mtu mkono kabla hajauliza anaumwa wapi. Kidole chake kikagusa pete ya mbele. Akasita. Akaweka ukucha kwenye skrubu moja, akazungusha, na skrubu ikazunguka. Akaitazama ya nyuma, akainama zaidi.

"Msingi umekaa jino moja mbele ya pale nilipouweka," alisema. "Nani aliitoa darubini?"

"Mimi," alisema Kassian. "Jioni. Nani mwingine?"

Burgi aliinua uso. Hakumtazama Kassian.

"Na hakuna aliyekuambia haitoki?"

Romed alisogea mpaka mezani.

"Sikumwambia," alisema. "Aliniuliza nikasema vilevile. Na asubuhi ile nilimwona akiifunga, nikanyamaza."

Kassian alikuwa amesimama, mikono yote miwili mezani. Alimtazama mwanawe, kisha skrubu, kisha mwanawe.

"Kwa hiyo si macho."

"Si macho, Baba. Wala mikono. Ulipiga vizuri."

Romed alitarajia kwamba sasa, angalau sasa, kitu kingemtoka mzee kifuani. Alikuwa tayari kwa tusi, tayari hata kwa kofi. Kassian alivuta pumzi, akaitoa.

"Afadhali yangekuwa macho," alisema.

Burgi alijishughulisha na tambara lake.

"Nilitaka upande, Baba. Mara moja tu zaidi. Ile nyingine ilikuwa nzito, ungekataa—"

"Ungenibebea."

"Nini?"

"Bunduki. Ungeniambia, Baba, twende, nitakubebea. Ningekubali." Mzee alisema bila hasira, kama anayemwonyesha mgeni njia fupi ambayo mgeni ameshaikosa. "Ningenung'unika mpaka kona ya kwanza, halafu ningekupa. Wewe una mabega."

Mwaka mzima Romed alikuwa amekata, amepima, amepunguza. Amewaza njia zote za kuondoa uzito duniani, isipokuwa hiyo moja, ya kuubeba yeye.

"Rudisha kucha, Burgi," alisema Kassian.

"Naweza kujaribu, kaka. Lakini nitakudanganya nikikuambia zitadaka kama zamani. Mtutu umeshapata moto, misingi imeshatoka. Sina mkono wa babu, na yeye hakuniachia majira yake ya baridi."

"Basi nipe hivyo hivyo."

Burgi alivuta droo akatoa kile kishikizo cheusi na misingi yake miwili, akavifunga kwenye tambara. Kassian alivitia kwenye mfuko wake wa ngozi, akaufunga kamba. Bunduki aliiacha mezani. Mlangoni alisimama kumsubiri mwanawe, akamshikia mlango, wakatembea mpaka nyumbani bega kwa bega, na mzee akasimulia habari ya paa la jirani linalovuja.

Hakumnyima chakula wala salamu. Alimsamehe siku hiyo hiyo, kwa sauti, mbele ya supu, na Romed alijua kwamba alimaanisha. Majira ya baridi yakaingia. Jioni, baada ya chakula, Kassian huketi kwenye benchi lake karibu na jiko, mfuko wa ngozi magotini. Huutoa msingi mmoja na kile kishikizo, huzitia kucha kwenye vitundu vyake, hushusha nyuma. Romed akiwa chumbani mwake juu, akipanga kamba zake za mlima, huisikia: tak. Halafu husubiri, kama alivyosubiri utotoni, mkono kwenye kisigino chake na lile neno moja, "Twende."

Haliji. Baada ya kitambo husikia kishikizo kikichomolewa, kikarudishwa, kikadaka tena.